Kizuri Chajiuza? Lugha ya Viongozi Katika Utetezi wa Mikataba ya Biashara

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina mashiko sokoni, penye nyanya na maembe ambayo mnunuzi anaweza kuyabonyeza kwa kidole kabla ya kutoa fedha zake. Panapohusika mkataba wa kimataifa wa biashara, hata hivyo, hekima hiyo haitoshi. Mkataba haubonyezwi kwa kidole. Una mamia ya kurasa, umeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na matunda yake, yawe matamu au machungu, huiva baada ya miaka mingi. Mkataba wa aina hii, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kujiuza; sharti apatikane mtu wa kuutembeza. Mtu huyo aghalabu huwa waziri, katibu wa wizara, balozi au msemaji wa serikali. Kwa raia wengi ambao hawatausoma kamwe, maneno ya afisa huyo ndiyo mkataba wenyewe.

Makala haya yanaangazia jinsi mkataba mmoja ulivyotetewa hadharani, nao ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, maarufu kwa herufi EPA. Mkataba huo ulitiwa sahihi jijini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 mbele ya Rais William Ruto na Rais wa Tume ya Ulaya, Ursula von der Leyen, kisha ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Hapa hapadaiwi kuwa mkataba huo ni mbaya wala kuwa ni mzuri. Wapo wanauchumi wa kuitoa hukumu hiyo. Kinachodaiwa ni kwamba mkataba wenyewe umejaa tarakimu na tarehe, ilhali utetezi wake ulijaa vivumishi na tahadhari. Raia aliyenyimwa tarakimu na tarehe hizo hajashawishiwa bado. Ametulizwa tu, na kutulizwa si kukubali.

Ili hoja hii ieleweke, ni muhimu kuitazama historia kwa ufupi. Kuanzia Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, mataifa ya Afrika, Karibiani na Pasifiki yaliruhusiwa kuuza bidhaa zao nyingi Ulaya bila ushuru, pasipo kulazimika kuyafungua masoko yao kwa kiwango sawa. Utaratibu huo wa kupewa bila kutoa ulikinzana na kanuni za Shirika la Biashara Duniani, na uliendelea kwa ruhusa maalumu iliyofikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2007. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 ndio ulioelekeza kwamba paandaliwe mikataba mipya ambamo kila upande utatoa na kupokea. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliafikiana na Ulaya kuhusu mfumo wa muda mnamo Novemba 2007, na mazungumzo ya mkataba kamili yakahitimishwa Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zilitia sahihi tarehe 1 Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na mnamo Novemba mwaka huo Bunge lake likaupinga mkataba huo. Uganda na Burundi nazo hazikutia sahihi. Mwezi Februari 2021 viongozi wa Jumuiya waliamua kwamba nchi iliyo tayari inaweza kutangulia peke yake. Hivyo ndivyo Kenya ilivyorejea mezani pasipo majirani zake.

Katika safari hiyo ndefu, utetezi wa maafisa ulijengwa juu ya nguzo ambazo mwanafunzi wa Kiswahili anazifahamu vyema, kwa sababu ni nguzo za sarufi.

Nguzo ya kwanza ni hali ya masharti. Kiambishi -nge- ndicho kilichobeba mzigo mkubwa zaidi katika mjadala huu. Kama Kenya isingetia sahihi, maua yangetozwa ushuru, mashamba yangefungwa, wafanyakazi wangerudishwa nyumbani. Ni haki kukiri kwamba hoja hii haikuwa ya kubuni. Tarehe 1 Oktoba 2014, baada ya Jumuiya kushindwa kuukamilisha mkataba kwa wakati, bidhaa za Kenya zilianza kutozwa ushuru zilipoingia Ulaya, na hali hiyo ikaendelea hadi mwishoni mwa Desemba mwaka huo. Mchumaji wa maua wa Naivasha, ambaye mshahara wake unategemea waridi linalofika Uholanzi likiwa bado bichi, hakuhitaji kuelezwa uzito wa neno ‘ushuru’. Anayeutaja uchungu huo kana kwamba ni njama ya wanasiasa hamtendei haki mchumaji huyo.

Hata hivyo, -nge- ina tabia moja ambayo mwanaisimu hapaswi kuipuuza. Huonyesha kile ambacho kingepotea na kukificha kile kitakachotolewa. Sentensi ya masharti huishia kwenye hofu, na msikilizaji akishaogopa hana tena hamu ya kuuliza bei. Fauka ya hayo, hofu hiyo ilikuja kila mara pamoja na tarehe. Ilikuwapo tarehe 31 Desemba 2007, kisha 1 Oktoba 2014, kisha 1 Oktoba 2016, na katika mkataba kama huo na Uingereza, 31 Desemba 2020. Tarehe ya kwanza ilitokana na kuisha kwa ruhusa ya Shirika la Biashara Duniani; ya pili na ya tatu ziliwekwa na Umoja wa Ulaya; ya nne ilitokana na Uingereza kuondoka katika umoja huo. Hakuna hata moja iliyopangwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Afisa anayesema kwamba muda unayoyoma anasema kweli, ila hamwambii raia ni nani anayeishika saa. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya kuamuliwa na mwingine ina baraka chache zaidi.

Nguzo ya pili ni nafsi ya kwanza wingi. ‘Tutafaidika’, ‘bidhaa zetu’, ‘soko letu’. Viambishi hivi humkusanya kila mtu chini ya mwavuli mmoja: mwenye shamba la maua, mchumaji wake, mkulima wa mishiri wa Kirinyaga, mfugaji wa Nyandarua, mshona viatu wa Kariokor na mtoza ushuru wa bandari ya Mombasa. Katika mkataba, lakini, watu hawa hawako upande mmoja. Mmoja anauza nje, mwingine anashindana na kitakachoingia kutoka nje, na mwingine analinda mapato ya hazina ambayo yatapungua ushuru ukiondolewa. Neno ‘sisi’ likitumiwa pasipo kuwataja hao mmoja mmoja, huwa limewafuta baadhi yao.

‘Sisi’ hiyo ilikuwa na utata mkubwa zaidi katika ngazi ya Jumuiya. Wakati mkataba ulipokamilishwa mwaka 2014, Kenya ndiyo nchi pekee ya Jumuiya ambayo haikuwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni kabisa. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa katika kundi hilo, na tangu mwaka 2001 bidhaa zao zote, isipokuwa silaha, ziliruhusiwa kuingia Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kwa maneno mengine, kitisho cha ushuru kilikuwa cha Kenya peke yake. Maua ya Arusha hayakukabiliwa na hatari iliyoyakabili maua ya Naivasha. Afisa aliyesema ‘Afrika Mashariki itapoteza soko’ alikuwa ameipanua hofu ya nyumba moja ikawa ya kijiji kizima. Haishangazi basi kwamba jirani alipozipekua hesabu zake alikataa kuitikia. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga mkataba huo kwa maandishi mwaka 2016, na serikali ya Rais John Magufuli ikakataa kutia sahihi, ikitaja miongoni mwa sababu zake kura ya Waingereza ya kuondoka Ulaya iliyopigwa mwezi Juni mwaka huo.

Nguzo ya tatu ni kivumishi, hasa kivumishi cha ukubwa. Soko la watu wapatao milioni 450 lilitajwa mara nyingi kana kwamba ni mlango unaofunguliwa kwa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba bidhaa za Kenya zilikuwa zikiingia katika soko hilo bila ushuru tangu enzi za Lomé, ukiondoa ile miezi michache ya mwaka 2014. Kilicholetwa na mkataba ni uhakika wa kuendelea kuingia. Tofauti kati ya ‘kupata’ na ‘kuendelea kupata’ si ndogo. Anayepata kitu kipya yuko tayari kulipa; anayeendelea na alichokuwa nacho ana haki ya kuuliza kwa nini leo kinauzwa. Wala ushuru haukuwa kikwazo pekee. Mwaka 2013 mishiri ya Kenya iliongezewa ukaguzi ilipofika Ulaya kwa sababu ya mabaki ya dawa za wadudu, na wakulima wengi wadogo wakajikuta nje ya soko ambalo halikuwatoza ushuru hata senti moja. Soko la milioni 450 halimsaidii mkulima ambaye maabara ya kupimia mazao yake iko mbali na gharama yake inazidi mavuno. Kivumishi ‘kubwa’ hakisemi lolote kuhusu kikwazo hicho.

Nguzo ya nne ni kauli ya kutendwa. ‘Makubaliano yamefikiwa.’ ‘Maoni yamezingatiwa.’ ‘Wadau wameshirikishwa.’ Katika sentensi hizi mtenda hayupo. Nani alifikia? Maoni ya nani? Wadau gani, lini, wapi? Swali hili lilikuwa na uzito kiasi kwamba lilifikishwa mahakamani. Mwaka 2007 jukwaa la wakulima wadogo wa Kenya liliwasilisha ombi katika Mahakama Kuu likilalamika kwamba mazungumzo ya mkataba yaliendeshwa bila kuwashirikisha watu ambao riziki zao zingeguswa. Hukumu ilitolewa mwaka 2013, na mahakama ikaiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wadau, wakiwemo wakulima hao wadogo. Ilichukua takriban miaka sita kuijaza nafasi ya mtenda katika sentensi moja.

Baina ya ombi hilo na hukumu yake, Kenya ilipata katiba mpya. Katiba ya mwaka 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Ibara ya 10, inawapa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali katika Ibara ya 35, na katika Ibara ya 2 inasema kwamba mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu kutunga na kuidhinisha mikataba ikafuata. Maana yake ni kwamba afisa anayeutetea mkataba wa biashara leo hafanyi hisani kwa wananchi kwa kuwaeleza. Anatimiza wajibu, kwa sababu anawaeleza sheria itakayowafunga.

Yapo pia mambo ambayo utetezi huu uliyaacha nje, na hapa ndipo panaposikitisha zaidi, kwa kuwa baadhi yake yangeusaidia mkataba wenyewe. Kwa mujibu wa ratiba iliyokubaliwa, Kenya inayafungua masoko yake kwa asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zinazotoka Ulaya, lakini si kwa siku moja. Asilimia 65.4 ni bidhaa ambazo tayari hazikuwa zikitozwa ushuru katika forodha ya Afrika Mashariki, nyingi zikiwa mashine na malighafi za viwandani. Asilimia 14.6 inaondolewa ushuru hatua kwa hatua katika kipindi cha miaka 15, na asilimia 2.6 katika kipindi cha miaka 25. Asilimia 17.4 iliyosalia haifunguliwi kabisa, na humo mna bidhaa nyingi za kilimo, nguo, viatu, vyombo vya kauri, vioo na magari. Aidha mna vifungu vinavyoruhusu ushuru urejeshwe iwapo bidhaa za Ulaya zitafurika na kuvitishia viwanda vichanga.

Hii ndiyo hoja bora zaidi ya kuutetea mkataba, na ndiyo iliyopewa nafasi finyu kuliko uzito wake. Mshona viatu wa Kariokor angeweza kuambiwa waziwazi kwamba viatu vimo katika kundi lisilofunguliwa. Mfugaji wa Nyandarua angeweza kuonyeshwa mstari unaohusu maziwa ya unga na kuambiwa uko katika kundi gani. Wengine nao wangeambiwa, kwa ukweli uleule, kwamba bidhaa zao zimo katika kundi la miaka 15 na kwamba wanapaswa kujiandaa. Badala yake hotuba nyingi zilitosheka na kiambishi -ta- kisicho na tarehe: tutakuza viwanda, tutaongeza thamani ya mazao, tutabuni nafasi za kazi. Wakati ujao wa sarufi hauna kalenda. Wakati ujao wa mkataba unayo. Miaka 25 tangu mwaka 2024 itatimia mwaka 2049, na afisa aliyepiga picha akishika kalamu hatakuwa ofisini kujibu maswali ya siku hiyo.

Vilevile kuna vifungu ambavyo ni vigumu kuvitetea kwa kivumishi, na pengine ndiyo sababu havikuzungumzwa sana hadharani. Kimoja kinasema, kwa maneno mepesi, kwamba Kenya ikiipa nchi yenye biashara kubwa duniani nafuu kubwa zaidi katika mkataba mwingine, Ulaya nayo inaweza kuidai nafuu hiyo. Kingine kinaiwekea Kenya mipaka inapotaka kutoza ushuru malighafi zinazouzwa nje, ushuru ambao nchi hutumia ili ngozi, korosho au njugu zitengenezwe nyumbani kabla ya kusafirishwa. Vifungu hivi vina mantiki yake kwa anayeviunga mkono, na vina hatari zake kwa anayevipinga. Raia alistahiki kuzisikia pande zote mbili.

Huenda msomaji akadhani kwamba lugha ya namna hii ni ugonjwa wa Afrika. La hasha. Mwaka 1993, Rais Bill Clinton wa Marekani alipoutetea mkataba wa biashara huria kati ya nchi yake, Kanada na Meksiko, alitangaza kwamba ungezalisha nafasi 200,000 za kazi nchini mwake katika miaka miwili ya kwanza. Mkataba ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1994. Mwishoni mwa mwaka huo sarafu ya Meksiko iliporomoka, na mwaka 1995 ziada ambayo Marekani ilikuwa nayo katika biashara ya bidhaa na jirani yake iligeuka kuwa nakisi. Wapinzani wa mkataba waliikumbuka ahadi ile kwa miaka mingi na kuitumia kama fimbo. Wapo wanaolitumia tukio hilo kuwaonya viongozi wasitoe ahadi zenye tarakimu. Funzo lake ni kinyume cha hilo. Ahadi ya Clinton ilikuwa na idadi na muda, na kwa sababu hiyo iliweza kupimwa na kuonekana ilipopinda. Ahadi isiyo na idadi wala muda haipindi kamwe, kwa kuwa haikunyooka tangu mwanzo. Raia wa Kenya wangefurahi kupewa ahadi inayoweza kushindwa.

Haki inadai pia kwamba wapinzani wa mikataba nao wapimwe kwa mizani hiyohiyo. Neno ‘ukoloni mamboleo’ limefanya kazi upande wao ile ambayo ‘soko la milioni 450’ limefanya upande wa serikali: limewakusanya watu pasipo kuwaeleza. Anayesema kwamba mkataba utaua viwanda vyote na asiseme ni viwanda gani, katika kundi gani la ratiba na katika mwaka gani, anatembeza bidhaa yake bila kuifungua. Nchini Tanzania herufi zenyewe ziliwasaidia wapinzani kwa sadfa ya ajabu, kwa maana EPA lilikuwa tayari jina la kashfa ya Akaunti ya Madeni ya Nje katika Benki Kuu, kashfa iliyolitikisa taifa hilo mwaka 2008. Mwananchi aliyezisikia herufi zile hakuwa na hamu ya kuuliza kirefu chake mara hii ni kipi. Hata hivyo, Tanzania ilikuwa na faida moja ambayo haipaswi kudharauliwa. Bunge lake liliujadili mkataba huo kwa Kiswahili. Mbunge aliyeunga na aliyepinga wote walilazimika kulitafutia neno kila wazo, na mkulima aliyekuwa na redio aliweza kuyafuata mabishano hayo bila mkalimani.

Jambo hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa njia ya moja kwa moja. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mara nyingi ibara hiyo hutajwa katika makongamano ili kudai heshima ya lugha. Ingefaa itajwe pia ili kudai maelezo. Afisa anapoutetea mkataba kwa Kiingereza cha wanasheria, anaweza kujificha nyuma ya istilahi. Anapotakiwa kusema kwa Kiswahili kinachoeleweka Kirinyaga na Kariokor, istilahi humvuka mikononi, na hubaki maswali manne yasiyokwepeka: ni nani atapata, ni nani atalipa, ni lini, na atakayeumia atasaidiwa kwa fedha za nani? Maswali haya hayahitaji shahada ya uchumi. Yanahitaji kiima, kiarifu na tarehe.

Ni kweli kwamba wapo watakaosema mazungumzo ya biashara yana siri zake, kwamba mchuuzi haonyeshi bei yake ya mwisho kabla ya kupatana. Hoja hii ina uzito mazungumzo yanapoendelea. Haina uzito wowote baada ya sahihi kutiwa, wala haiwezi kuhalalisha kuwanyima watu maelezo ya kile ambacho tayari kimekuwa sheria yao. Wapo pia watakaosema kwamba wananchi hawana muda wa kusikiliza asilimia na ratiba. Wanaodai hivyo hawajawahi kukaa na mkulima wa majani chai siku ya bonasi, anapokokotoa kwa kichwa kila shilingi aliyokatwa na kila kilo aliyopeleka kituoni. Mtu huyo huzielewa tarakimu, mradi ziwe zinamhusu.

Suala hili halikufungwa na sahihi ya Desemba 2023. Mkataba wenyewe uliacha mambo mazito yajadiliwe ndani ya miaka mitano tangu uanze kutumika, yakiwemo biashara ya huduma, uwekezaji, ushindani, hakimiliki na ununuzi wa umma. Kabla ya mwaka 2029 kwisha, basi, kuna uwezekano mkubwa kwamba maafisa watasimama tena mbele ya vipaza sauti, wakiwa na tarehe ya mwisho nyingine na soko kubwa jingine. Ununuzi wa umma unamgusa fundi anayetarajia zabuni ya madawati ya shule. Hakimiliki inamgusa mkulima anayeweka mbegu za msimu ujao. Watu hawa watakuwa na haki ya kusikia majina yao katika hotuba hizo.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina kazi ya kufanya kabla ya siku hiyo. Ratiba ya ushuru ni matini kama matini nyingine, na kuifasiri ni zoezi la tafsiri lenye manufaa kuliko mengi yanayotolewa darasani. Hotuba za mawaziri zinaweza kuchanganuliwa kisarufi, -nge- kwa -nge- na -ta- kwa -ta-, kisha uchanganuzi huo ukapelekwa kwenye vikao ambavyo Bunge huviitisha kupokea maoni ya wananchi. Mwanafunzi atakayesimama katika kikao kama hicho na kumwomba waziri airudie sentensi yake katika kauli ya kutenda, akimtaja mtenda na mwaka, atakuwa ameitendea haki taaluma yake, na fundi wa madawati pia.